Mguu wa Njia

"Wewe dada, huoni aibu? Bibi wa watu umemsimamisha juani, na hata shikamoo humpi!"

Aliyefoka hivyo alikuwa mlinzi wa geti la wafanyakazi, uwanja wa ndege wa Mwanza, na aliyefokewa alikuwa Tabea Kitundu, mfungua njia wa zamu ya mchana. Tabea alikuwa ameitwa kutoka ghorofani kwamba ana mgeni wa kutoka Singida. Alishuka mbio akitegemea kumkuta jirani wa nyumbani, labda mtu wa kanisani aliyetumwa na mzigo. Badala yake alimkuta bibi kizee aliyejitanda kitenge kilichopauka, mgongo umeanza kupinda, mashavu yamebonyea, begi la nguo lenye zipu mbovu limewekwa miguuni. Alikuwa akimkodolea macho tu, akijaribu kukumbuka ni bibi yupi, ndipo mlinzi akaona malezi yamemtupa mkono.

Tabea akafungua mdomo ili asalimie. Bibi akamuwahi.

"Shikamoo, dada."

Mlinzi aliangua kicheko. "Msamehe tu. Uzee nao una mambo yake."

Tabea hakucheka. Sauti ile aliijua, na juu ya jicho la kushoto la yule bibi palikuwa na kovu dogo, lililopatikana siku Tabea mwenyewe, akiwa mtoto wa shule, alipomdondosha mdogo wake kutoka mgongoni akikimbilia kuchota maji.

"Marahaba," alisema kwa sauti ambayo haikutoka vizuri. "Foibe?"

"Ndiye mimi. Nimebadilika kidogo," alisema Foibe, kisha akaokota begi lake mwenyewe kabla dada yake hajaligusa.

Tabea alikuwa darasa la tatu Foibe alipozaliwa. Mara ya mwisho walipoonana ilikuwa kwenye ubatizo wa Tumsifu, mtoto wa Foibe, na siku hiyo Foibe alicheza kwaya nzima akiwa na viatu virefu, akawachekesha wakwe. Hakuwa amefika hata miaka thelathini. Tangu hapo walikuwa wakipigiana simu bila picha, maana Foibe alisema mtandao wa shambani kwao ni wa kubahatisha. Kumbe mtandao ulikuwa mzima. Foibe alikuwa anaficha sura.

*

Walikaa kantini ya wafanyakazi, meza ya dirishani. Tabea aliagiza wali na sato, Foibe akala taratibu, upande mmoja wa mdomo, kama wanavyokula watu wenye meno machache. Nje ya kioo ndege ya Dodoma ilikuwa imetua. Abiria waliteremka wakiwa wamenyooka suti zao, wengine na vikombe vya karatasi mkononi, na mvuke wa kahawa waliyonunua Dodoma ulikuwa bado unatoka.

"Hao ndio wametoka makao makuu?" aliuliza Foibe.

"Ndiyo. Wametoka sasa hivi."

"Mimi nimetoka nyumbani jana alfajiri. Basi lilituharibikia Nzega, tukalala palepale." Alizidi kuwatazama abiria. "Wanapendeza."

Tabea aliona aibu, na hakujua kwanza aibu hiyo inatoka wapi. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wale wapendeze. Kutoka Mwanza hadi Dodoma ni kilomita mia tano na ushee angani, na umbali huo hakuna aliyeupunguza. Ndege ya kawaida ilikuwa ikichukua saa moja na zaidi. Kisha wataalamu wakagundua namna ya kukata muda wenyewe: ndege ikishapaa, mfungua njia anafungua, rubani anaingia, na kabla mtoto hajamaliza kulia kwa kuogopa kupaa, tayari Dodoma inaonekana chini. Wabunge waliipenda, wakandarasi waliipenda, na maharusi walianza kufanya ndoa mji huu na karamu mji ule siku ileile.

Ila muda uliokatwa hauyeyuki. Hilo Tabea alifundishwa wiki ya kwanza ya mafunzo, na alilijibu vizuri kwenye mtihani. Saa ya kila abiria lazima imwagike mahali, na lazima imwagike juu ya kitu chenye uhai. Walijaribu kuimwaga kwenye mawe, mawe hayakupokea, na njia ikagoma kufunguka. Basi wakatafuta pori kati ya Singida na Dodoma, wakalipima, wakaona hakuna mtu, wakasimika hapo kile walichokiita mguu wa njia. Nyasi zitazeeka, miti itazeeka, nani atashika bango barabarani kwa ajili ya nyasi?

"Mnaishi mbali na nyumbani kwa wakwe?" aliuliza Tabea, ingawa jibu alikuwa ameshaanza kulihisi.

"Tulihama zamani. Tunaishi Mguuni."

Foibe alisimulia bila haraka. Aliyeanza ni mfuga nyuki mmoja aliyeona mizinga yake ya porini inajaa asali kabla ya wakati. Akapanda alizeti kwa kujaribu. Zikakomaa wakati za wenzake vijijini hazijatoa hata ua. Mtu wa Singida anajua maana yake: mvua ya kwao ni ya kuibia, ikikatika mapema umelala njaa, na hapa pamepatikana udongo unaoiwahi mvua. Watu walimiminika. Yeremia, mume wa Foibe, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Vifaranga vilikuwa majogoo kabla hujavizoea. Kanisani, Jumapili ya mavuno iliyokuwa inafanyika mara moja kwa mwaka, kwao ilifanyika kila baada ya muda mfupi, hadi mchungaji akatania kwamba mikono yake imechoka kwa kubariki mahindi.

"Tulidhani ni udongo, dada. Wallahi tulimshukuru Mungu kwa ajili ya udongo."

"Na nyinyi wenyewe hamkujiona?"

"Tutajionaje? Ukiona mwenzako ana mvi, na wewe unazo, na jirani anazo, unasema jua ni kali na kazi ni ngumu. Mtu wa shamba huzeeka. Tulianza kushtuka wageni walipokuja. Binamu yake Yeremia alifika, wamezaliwa mwezi mmoja, akamwita baba."

Tabea alisukuma sahani pembeni. Alikuwa amekumbuka kuku. Foibe alikuwa akimtumia kuku na madumu ya mafuta ya alizeti, mara kwa mara mno, na Tabea aliwagawia wenzake kazini huku akijisifu kwamba mdogo wake ni mkulima wa kisasa. Walikula ofisi nzima, wakalamba vidole.

Na alikuwa amekumbuka jambo jingine baya zaidi. Mashine yake ilikuwa ikimwonyesha kila siku kiasi cha uhai kilichoko chini ya mguu. Miezi mingi iliyopita aliona kiasi hicho kinapanda. Alimuuliza mkuu wake, Injinia Rweikiza, naye akasema ni mbuzi wa watu wamepotea njia. Tabea aliridhika na mbuzi. Alikuwa na safari ya Dodoma kesho yake, kwenye sherehe ya kumfunda rafiki yake, na hakutaka kuchelewa saluni.

Baadaye kiasi kile kilipanda hadi kikapita kile mbuzi wowote wanaweza kufikisha, ndipo akaandika taarifa rasmi: pana watu, mguu uondolewe. Hakujua kwamba anamwandika mdogo wake.

"Sikiliza, Foibe." Alimshika mkono, ukawa mwepesi sana mkononi mwake. "Jambo lenu nimeshalifikisha. Mguu unang'olewa. Wiki hii hii. Hamtazeeka tena hata siku moja ya bure."

Alitegemea machozi, au shukrani. Foibe aliutoa mkono wake.

"Tumesikia. Watu wa vipimo walipita, wakasema. Ndiyo maana nimekuja." Akainama mbele, akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima ileile ya mdogo kwa mkubwa: "Dada, nakuomba usiung'oe."

"Unasemaje?"

"Alizeti ziko magotini. Mvua imeshakatika. Mkiondoa mguu leo, zitasimama hapohapo zilipo, na jua litazimaliza. Mji mzima umepanda, hatukubakiza mbegu. Tunaomba wiki mbili tu, tuvune, tuhame tukiwa na chakula."

"Wiki mbili za pale unajua zinakula miaka mingapi? Wewe mwenyewe jitazame!"

"Nimejitazama." Foibe hakupandisha sauti. "Meno yamekwenda, dada, na nguvu imekwenda. Tumsifu hajaanza hata chekechea na tayari ananifikia begani, ingawa yeye hashindi shambani, ambako muda humwagika zaidi. Vyote hivyo vimekwenda na havirudi. Ukifunga sasa tutakuwa tumezeeka bure. Heri kuzeeka na gunia ndani."

Tabea alimsihi abaki Mwanza, yeye walau, alale kwake, atafutiwe daktari. Foibe akamuuliza kama atamlaza Mwanza huku mtoto yuko Mguuni. Jioni ileile alimsindikiza stendi. Kondakta alimshika Foibe kiwiko kumpandisha ngazi, akimwita bibi, na Foibe akamshukuru kwa kumwita mwanangu, ingawa kijana yule huenda alikuwa amemzidi umri.

*

Injinia Rweikiza hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimkera Tabea. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Huyu alikuwa na upara unaong'aa, salamu ndefu za Kihaya kwa kila mtu wa kwao, na mama yake mzazi alikuwa hai kwa sababu alikimbizwa Dodoma kwa njia ile siku moyo uliposimama.

"Mguu mpya umeshapata pori," alisema, akimwonyesha ramani ukutani. "Upande wa kusini. Hakuna watu."

"Na Mguuni mlisema hakuna watu."

"Hawakuwepo, Tabea. Walikuja wenyewe. Tungewawekea bango? Tungeandika nini?"

"Mngeandika ukweli. Na huko kusini watakuja vilevile, maana mahindi yataota haraka huko pia, na njaa inajua njia." Alivuta pumzi. "Kuna namna nyingine, bosi. Tuliisoma wote. Kila abiria abebe muda wake."

Rweikiza alikunja uso kama aliyeonjeshwa kitu kichachu. Namna hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa kujaribiwa. Haihitaji mguu wala pori. Ndege inafika papo hapo, ila saa ile ya safari inaupata mwili wa msafiri mwenyewe, kama ambavyo ingempata akisafiri kwa ndege ya kawaida. Hakuna anayepungukiwa na chochote zaidi ya alichokuwa akipungukiwa zamani.

"Unakumbuka waliposhuka?" alisema Rweikiza. "Wana njaa. Miguu imekufa ganzi. Kila mtu anatafuta choo, na foleni ya choo ilifika nje. Kahawa imepoa mkononi. Walisema tumewatapeli, kwamba walidhani wanaokoa muda kumbe wameuokoa kwenye saa ya ukutani tu. Ndipo bodi ikasema tutafute mguu."

"Kwa hiyo mdogo wangu hana meno ili mheshimiwa asitafute choo."

Ilikuwa mara ya kwanza Rweikiza kusikia habari za mdogo wake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na alipoivaa tena hakumtazama usoni.

"Taarifa ni yako," alisema mwishowe. "Habari hii ikitoka nje sisi sote tumekwisha, kwa hiyo bodi itakubali lolote litakalokwenda kimya kimya. Unataka kila mtu abebe wake, sawa, nitasaini. Washa hata leo."

Alikuwa amepewa kila alichotaka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya kitambulisho. Angewasha pale pale, na kule pori la Mguuni watu wangelala usiku ule na kuamka wakiwa wamekua usiku mmoja tu, kama binadamu wengine. Na alizeti zingebaki magotini.

Aliwaza kwamba haki ni haki, na mwenye njaa ataletewa mahindi ya msaada. Kisha akawaza ni nani atakayeyaleta, kwa watu ambao kiserikali hawapo. Aliwaza kwamba Foibe ni mdogo wake, na mkubwa ana wajibu wa kumkatalia mdogo kisu hata kama analia. Lakini aliyekuwa akimwomba hakuwa tena mtoto wa kukataliwa kisu. Alikuwa mwanamke aliyelipia mavuno yale kwa mwili wake, na sasa anaambiwa na aliyekuwa akinufaika kwamba mavuno basi. Tabea alijichukia kwa kila upande aliogeukia.

"Mitambo haijakaa sawa," alimwambia Rweikiza. "Nipe wiki mbili."

Rweikiza alijua ni uongo. Akaitikia kwa kichwa.

*

Wiki mbili hizo Tabea alifungua njia kama kawaida. Rubani aliomba, yeye akafungua, ndege ikapita, na kwenye kioo cha mashine saa za watu wote wale, zikijumlishwa, zikaporomoka kwenye mguu. Kulikuwa na mkutano mkubwa Dodoma, ndege zikaongezwa. Alijaribu kuzuia moja kwa kusingizia hali ya hewa, akapigiwa simu na watu watatu wenye vyeo, akaifungua. Alipofumba macho aliona shamba la njano, na mwanamke aliyeinama katikati yake, na kila alipobonyeza kitufe mwanamke yule aliinama zaidi. Alimpigia Foibe mara nyingi. Siku za mwanzo Foibe alipokea, akihema, akisema alizeti zinapanda vizuri, zimeshageuza vichwa, usiwe na wasiwasi dada. Baadaye simu ikawa inaita tu.

Ujumbe uliingia siku moja saa ya chakula cha mchana, kutoka namba ya Foibe. Ulikuwa mfupi: "Tumevuna. Funga."

Tabea hakumaliza chakula. Alipanda ngazi, akachomeka ufunguo, akauondoa mguu. Ndege ya alasiri ilikuwa ya kwanza kuja bila mguu. Aliisimamia dirishani. Abiria waliteremka wakijinyoosha viuno, wamekunjamana suti, na naibu waziri mmoja alivuka lami nusu akitembea nusu akikimbia, akiuliza choo kiko wapi huku akitishia kumfukuza mtu kazi. Mtoto mdogo alikuwa akilia kwa njaa na mama yake hakuwa amebeba maziwa. Simu za malalamiko zilianza kabla mizigo haijashushwa. Tabea alizisikia zikilia mezani na, kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake asimame getini, alitabasamu. Alidhani amemaliza vizuri. Alimtumia Foibe ujumbe wa kumpongeza, akamwambia waje wote Mwanza, vyumba vipo.

Walikuja siku ya tatu yake. Tabea alitoka kazini akawakuta wamekaa kwenye ngazi za nyumba yake: Yeremia, mzee aliyekauka, na magunia mawili ya alizeti, na msichana mrefu kama Tabea mwenyewe, amevaa gauni la mama yake, ananyonya kidole gumba.

"Karibuni, karibuni jamani! Mbona mmekaa nje?" Macho yake yaliwapita, yakatafuta barabarani. "Foibe yuko dukani?"

Yeremia alisimama kwa shida. "Shemeji, huyu ni Tumsifu. Nimemleta aanze shule, hata kuhesabu hajui. Mimi sina muda mrefu."

"Nimekuuliza mke wako yuko wapi."

"Tumemzika," alisema Yeremia. "Alianguka shambani, alizeti zimeanza kukauka. Tukamzika, kesho yake tukaingia shambani, tukavuna. Alisema tusiache hata kichwa kimoja."

"Kabla ya kuvuna?" Tabea alisikia sauti yake inapanda, majirani wakichungulia. "Kwa hiyo ujumbe uliuandika wewe. Mmemzika mdogo wangu bila mimi? Nani alitupa udongo wa upande wetu? Maiti ya mtu husubiri ndugu, Yeremia! Hata awe Ulaya husubiriwa! Mimi niko hapa Mwanza, ungenipigia ningefika siku ileile!"

Yeremia aliangalia chini. Aliyejibu ni Tumsifu. Alitoa kidole mdomoni, akasema kwa sauti nzito ya msichana mkubwa, kwa maneno ya mtoto anayerudia alichoagizwa asikisahau:

"Mama alisema mama mkubwa asiitwe. Alisema utakuja na ndege, halafu baba atakufa kabla hatujavuna."

Tabea alifungua mdomo ili akatae. Basi la kwenda Singida huondoka Mwanza kila siku, na kwa msiba wa mdogo wake lisingemjia hata akilini. Angepanda ndege.